Ghala la Mwili: Mwenye Kufunga Anakwenda kwa Nguvu Gani Mchana?



Katika mkutano wa tawi uliopita mzee mmoja, mchumaji wa tangu utotoni, alisimama akatuuliza suali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Katibu, mwanangu, gari bila ya petroli haliendi hata hatua moja. Mimi nafunga miaka sitini sasa, na mchana wa Ramadhani nalima, napalia, naanika. Basi nakwenda kwa petroli gani?" Watu walicheka, na sisi tukacheka nao, lakini suali lile halikututoka moyoni. Tumekwenda kuwauliza wenye elimu ya utibabu, tukasoma tulichoweza kukisoma, na leo tunamletea mzee wetu jawabu lake, na nyinyi nyote pamoja naye.

Tuna sababu nyengine ya kuliandika jambo hili. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, na sasa inauelekea tena msimu wetu. Kwa hesabu ya kalenda, katika mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na baada ya hapo itazidi kuzama katika miezi ya kuchuma. Wenye umri wa kukumbuka watakumbuka mwaka 2013, Ramadhani ilipoangukia Julai na siku za mwanzo za Agosti. Mwaka ule kijana mmoja tuliyekuwa tukichuma naye alianguka kutoka mkarafuuni, saa tisa alasiri, akavunjika paja. Mpaka leo anachechemea, na hapandi tena.

Tuseme kweli yote. Usiku uliotangulia kijana yule alikaa akichambua karafuu mpaka saa sita, akalala kwa uchovu, na daku likampita. Asubuhi alipanda tangu saa kumi na mbili. Ilipofika alasiri alisema kichwa kinamzunguka, na sisi tuliokuwa chini tulimwambia amalize mti mmoja tu, kwani karafuu zilikuwa zimeanza kuchanua na karafuu iliyochanua haina bei. Alipoanguka sote tulisema neno moja: njaa. Leo twajua kwamba neno lile lilikuwa nusu ya ukweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa mikononi mwetu.

FEDHA YA MFUKONI, KIBWETA NA GHALA

Mwili wa binaadamu huishi kama anavyoishi mwenye shamba. Msimu ukiwa mzuri hupata kwa wingi kuliko matumizi yake ya siku, na kile kilichozidi hukiweka. Msimu ukipita huanza kula alichokiweka, na hukila kwa mpango: kwanza kilicho karibu, kisha kilicho mbali.

Kilicho karibu kabisa ni sukari iliyomo katika damu. Hii ni fedha ya mfukoni. Ni kidogo mno: ukiikusanya sukari yote iliyomo katika damu ya mtu mzima mwenye afya, utapata gramu tano hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho kimoja hakitakiwi kupungua sana wala kuzidi sana, kwani ubongo hukitegemea saa zote. Ubongo ni mdogo, katika kila sehemu mia za uzito wa mwili wenyewe ni sehemu mbili tu, lakini hula gramu 120 za sukari kwa siku, yaani gramu tano kwa saa, tukilala na tukiamka. Kwa hivyo fedha ya mfukoni peke yake ingeutosha ubongo kwa muda wa saa moja. Hapana budi pawe na mahali pa kuujaza mfuko.

Mahali hapo ni ini. Ini ndilo kibweta cha nyumba. Tunapokula wali, muhogo, ndizi au mkate, wanga uliomo husagwa tumboni ukawa sukari, na sukari iliyozidi huchukuliwa na ini ikafungwa fungwa na kuwekwa kwa sura ya wanga wa mwilini uitwao glikojeni. Aliyelijua jambo hili ni tabibu wa Kifaransa, Claude Bernard. Mwaka 1855 alilichukua ini la mnyama akaliosha kwa maji mpaka sukari yote ikatoka, akaliacha. Kesho yake akalikuta lina sukari tena, na hapana aliyelitia sukari. Akajua kwamba ndani ya ini mna akiba inayogeuka sukari, na mwaka 1857 akafanikiwa kuitoa akiba yenyewe na kuipa jina. Ini la mtu aliyeshiba vyema huwa na gramu mia hivi za akiba hiyo.

Misuli nayo ina glikojeni yake, tena nyingi zaidi, kiasi cha gramu 400 kwa mwili mzima. Lakini hii ni kama fedha aliyoifunga bibi katika pindo la kanga yake. Ataitumia mwenyewe kwa haja yake, wala haitoi ikenda kulipa deni la mwengine. Msuli wa paja hutumia akiba ya paja katika kupanda, lakini hauwezi kuirudisha sukari hiyo katika damu ili ubongo uipate. Ini tu ndilo lenye kutoa kwa ajili ya mwili mzima. Mwanachama alikumbuke hili, kwani tutalirudia.

Kisha liko ghala lenyewe, nalo ni mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni. Haya ndiyo magunia ya karafuu kavu. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, na gramu moja ya wanga ina kalori nne. Tena wanga hauwekwi mkavu; kila gramu moja ya glikojeni hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Anayeweka karafuu mbichi hujaza banda lote kwa mali ndogo, na anayeweka kavu huweka mali kubwa mahali padogo, na mwili umeijua hesabu hiyo kabla yetu. Mtu wa kilo 60 asiye mnene aweza kuwa na kilo 10 za mafuta. Hizo ni kalori 90,000. Akitumia 2,000 kwa siku, kwa hesabu ya karatasi ghala lake lina siku 45. Akiba yote ya ini haifiki hata robo ya siku moja.

La mwisho ni nyama ya mwili wenyewe, yaani protini ya misuli. Mwili waweza kuivunja ukapata sukari, lakini nyama hiyo ni mikarafuu yenyewe, si mavuno. Mkulima mwenye akili hakati mikarafuu yake akauza kuni ila amekwisha kabisa. Mwili nao hukata kidogo kidogo tu pale mfungo unapokuwa mrefu, na hujitahidi sana kuhifadhi.

MAKARANI WAWILI WA GHALA

Nani anayefungua na kufunga? Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na humo hutoka homoni mbili zinazofanya kazi kama makarani wawili wa mlango mmoja. Karani wa kwanza ni insulini. Tukila, sukari ikapanda katika damu, insulini hutoka kwa wingi ikaamrisha: wekeni. Ini huweka, misuli huweka, mafuta huweka. Karani wa pili ni glukagoni. Chakula kikisha, sukari ikaanza kushuka, insulini hupungua na glukagoni huamrisha ini: toeni. Na kwa vile insulini imepungua, mlango wa mafuta nao hufunguka.

Hapa kuna shida moja. Misuli na moyo hupokea mafuta bila ya ugomvi, lakini ubongo hauyapokei. Ni kama muuza duka anayekataa kulipwa kwa gunia la karafuu, anataka taslimu. Basi ini hufanya kazi mbili. Kwanza hutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya mafuta, kutokana na kile kinachobaki misulini baada ya kazi, na kutokana na protini kidogo. Pili huyavunja mafuta likatoa kitu kiitwacho ketoni, ambacho ubongo hukikubali badala ya sukari. Mwaka 1967 matabibu wa Boston, Marekani, wakiwa na Dokta George Cahill, walionyesha kwamba katika mfungo wa wiki nyingi ubongo hula ketoni kuliko sukari. Katika saumu yetu ya kutwa moja ketoni huwa ni kidogo tu, kwani jioni tunafuturu na mambo hurudi pale pale.

SAA YA MWENYE KUFUNGA

Sasa tuitazame siku yenyewe. Visiwani kwetu, kwa vile tuko karibu na mstari wa ikweta, saumu haipishani sana mwaka mzima. Ni saa kumi na tatu na nusu hivi. Aliyekula daku la kushiba akajizuia saa kumi na nusu alfajiri, mwili wake bado unakula mpaka kiasi cha saa mbili au saa tatu asubuhi, kwani chakula kingali tumboni kikisagwa. Kwa mwili, kufunga hasa huanza hapo. Tangu saa tatu mpaka magharibi ni saa tisa na kitu. Ubongo kwa gramu tano kwa saa utataka gramu 50 takriban, na ini lina mia. Viungo vyengine navyo vina haja zao, lakini huku mafuta yameshaanza kutoka na misuli inayala. Kwa hivyo mtu huyu hufika kufuturu kibweta kikiwa kimepungua, lakini hakijawa kitupu.

Mchukue sasa yule asiyekula daku. Chakula chake cha mwisho ni saa tatu usiku. Kufikia saa nane usiku tumbo limemaliza, na ini limeanza kutoa naye akiwa usingizini. Mpaka magharibi ni zaidi ya saa kumi na sita. Ubongo peke yake utataka gramu 80 na zaidi. Ikifika alasiri kibweta kinakaribia kukwaruzwa chini, na mwili unategemea sukari ile mpya inayotengenezwa polepole. Akiwa amekaa barazani itamtosha. Akiwa juu ya mkarafuu ni khabari nyengine, kwani kazi nzito haiendeshwi kwa mafuta peke yake. Mafuta hutoa nguvu kwa mwendo wa taratibu, kama ng'ombe wa gari. Kupanda, kuvuta tawi, kujishikilia kwa mkono mmoja, hizo ni kazi zinazotaka sukari, na misuli ikishamaliza ya kwake huanza kuivuta ile ya damu, ambayo ni ya ubongo.

Ndiyo maana wazee wetu wamesisitiza daku, na likaliwe mwisho wa usiku. Mwenye kuliacha kwa ajili ya usingizi amejiongezea saumu ya saa saba ambayo hakuamrishwa.

LILILOMUANGUSHA KIJANA WETU

Juu ya hayo yote hatujataja lililo kubwa kuliko yote, nalo ni maji.

Mwaka 1912 huko Boston bwana mmoja wa Malta aitwaye Agostino Levanzin alifunga siku 31 mbele ya wataalamu waliokuwa wakimpima usiku na mchana, chini ya Profesa Francis Benedict. Hakula kitu. Alipungua kilo 13 karibu, kutoka kilo 60 na kitu mpaka 47 na kitu, na alitoka mzima. Hatuwaelezi haya ili mtu aige. Twataka mlitazame jambo moja: bwana huyu alikunywa maji kila siku, wala hakupanda mti. Ghala la mafuta lilimchukua mwezi mzima. Ghala la maji binaadamu hana. Maji aliyonayo yote yamo kazini, katika damu na katika viungo, na kila tone la jasho hutoka katika maji hayo ya kazi.

Mtu wa kilo 60 akipoteza lita moja na kidogo ya maji, nguvu zake na utulivu wake huanza kushuka. Mchumaji katika jua aweza kutokwa na jasho la zaidi ya nusu lita kwa saa. Pigeni hesabu: saa tatu za kupanda zatosha. Damu ikipungua maji, moyo hwenda mbio kuisukuma, na mtu akiinuka kwa ghafla au akinyanyua mikono juu kwa muda, damu huchelewa kufika kichwani. Macho hufanya kiza, masikio huvuma. Aliye chini hukaa kitako likapita. Aliye juu huachia tawi.

Basi kijana wetu hakuangushwa na njaa peke yake. Aliangushwa na mambo matatu yaliyokutana saa tisa alasiri: maji yaliyokwisha kwa jasho la kutwa, sukari iliyopungua kwa daku lililompita, na sisi tuliokuwa chini tukimwambia amalize mti mmoja. Mawili ya mwanzo yalitokana na la tatu, kwani ni kazi yetu ya kuchambua iliyomkesha.

WENYE MARADHI YA SUKARI

Lazima tuseme neno na ndugu zetu hawa, kwani katika chama wako wengi. Hesabu yote tuliyoieleza ni ya mtu ambaye makarani wake wawili ni wazima. Mwenye kisukari anayepiga sindano ya insulini, au anayekunywa baadhi ya vidonge vyenye kulazimisha kongosho kutoa insulini, ana karani anayeamrisha "wekeni" hata wakati hapana chakula. Sukari yaweza kushuka kwa ghafla. Alama zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha maneno kuchanganyika. Mwengine hupatwa na kinyume chake, sukari ikapanda mno kwa kuacha dawa au kwa futari nzito.

Ndugu huyu aende kwa daktari wiki sita au nane kabla ya Ramadhani aulize kama aweza kufunga, na dawa zake zipangwe vipi. Asibadilishe dawa kwa rai yake mwenyewe. Akiruhusiwa kufunga, apime damu mchana. Wanavyuoni wengi wamesema kuchoma kidole hakuvunji saumu. Sukari ikiwa chini ya 70 kwa kipimo cha miligramu (3.9 kwa kipimo kile kingine), au ikizidi 300 (16.6), afungue pale pale. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, na sote tuliisoma chuoni. Aliyepewa ruhusa na Mola wake asione haya mbele ya jirani.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Katika mkutano mkuu ujao Kamati italeta mbele yenu mapendekezo haya, ili msimu utakapokutana na Ramadhani tuwe tumekwisha kupatana.

Kwanza, katika mwezi wa Ramadhani wapandaji waanze kazi mara tu baada ya sala ya alfajiri na mwangaza kutosha, na asipande mtu baada ya saa tano. Saa hizo za asubuhi ndizo ambazo daku lingali likifanya kazi na jua halijawa kali.

Pili, kuchambua kufanywe mchana, kivulini, baada ya adhuhuri, badala ya usiku. Kazi ya kukaa huendeshwa na mafuta vizuri kabisa. Na mtu asiyekesha akichambua ataamka kula daku.

Tatu, mwenye shamba alipe kazi hiyo ya mchana kwa haki. Mchumaji anayelipwa kwa pishi hawezi kuteremka mtini kwa hiari yake ikiwa kuteremka ni kukosa futari ya watoto.

Nne, mchumaji anayesema kichwa kinamzunguka ateremke papo hapo, wala asiulizwe amebakisha matawi mangapi. Alazwe kivulini, miguu inyanyuliwe. Anayeogopea nafsi yake yumo katika ruhusa, afungue kwa maji na kitu kitamu, na siku yake atailipa. Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni. Achukuliwe hospitali upesi.

Tano, mambo ya nyumbani. Futuruni kwa maji na tende; tende tatu zina sukari nyingi kuliko sukari yote iliyomo katika damu yenu, kwa hivyo zatosha kuujaza mfuko huku futari ikingojewa. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu magharibi mpaka daku, si kwa mkupuo mmoja kabla ya adhana, kwani figo zitayatoa. Daku liwe na kitu cha kusagika polepole, kunde au maharagwe au mbaazi pamoja na wali au muhogo, na samaki. Ng'onda na papa mkavu muwaache kwa futari, kwani chumvi ya daku ni kiu ya mchana.

Twajua watakaosema kwamba karafuu hazingojei. Ni kweli, na hatuwafichi kwamba kwa mpango huu baadhi ya karafuu zitachanua mtini. Hiyo ni hasara ya pishi kadhaa, na twaweza kuihesabu. Ile paja ya mwaka 2013 hatujaweza kuihesabu mpaka leo.

Na kwa mzee wetu aliyeuliza: petroli yako, mzee, ni daku la alfajiri mpaka saa tatu, kisha ini, na pamoja nalo mafuta uliyojaaliwa, ambayo yana akiba ya siku nyingi kuliko unavyodhani. Kilichokuwa hakina akiba ni maji. Basi lima asubuhi, na alasiri utuachie sisi kuanika.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama